Sabufa na Kitanda cha Jirani

Jumamosi niliyolala kwenye kitanda cha jirani yangu mchana kweupe, na viatu miguuni, naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka siwezi kukaa kitini. Jana uliniuliza swali dogo tu, kwamba sabufa uliyonunua uiweke wapi na sebule yenyewe ni finyu. Nikainuka nikatoka nje, ukadhani mzee hajui mambo ya spika. Nayajua. Niliyajua kabla hujazaliwa, na aliyelipia ujuzi huo si mimi. Kaa basi nikueleze, wewe ukae, mimi niache nitembee tembee.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana, karani wa kupima majani katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho. Nilitoka Chebunyo, kwa watu wa ng'ombe na mahindi, nikapewa nyumba kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Chumba cha mbele, kijichumba cha kulala, na stima. Kwetu hakukuwa na stima, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichotaka duniani ni chochote cha kuchomeka ukutani kikapiga kelele. Nikapata amplifaya iliyokwisha kutumika, deki ya kanda, spika mbili, na sabufa ambayo fundi mmoja wa Sotik alinitengenezea: sanduku la mbao, ndani yake spika kubwa iliyong'olewa kwenye gari bovu. Nililipenda sanduku lile kuliko ndugu zangu, na sisemi utani.

Sasa ile sebule. Kochi moja, viti viwili, meza, kabati la vyombo, na njia ya kupita ukiwa umejikunja ubavu. Nikaiweka sabufa kwenye kona, besi ikavuma tu, hujui gitaa liko wapi wala ngoma iko wapi. Nikaiingiza chini ya meza, vikombe vikaanza kutetemeka kabatini. Nikaisogeza mlangoni, besi yote ikatoka nje ikaenda kwa kuku. Spika ndogo nazo nikazipandisha juu ya kabati, nikazishusha, nikazigeuza zitazamane. Naketi, nasikiliza nusu ya wimbo, nainuka tena. Chai ilipoa nikaisahau. Wiki nzima nilikuwa hivyo, hata kule kwenye mizani natazama kilo za watu huku akilini nahamisha sanduku.

Mwishowe nikaibandika kwenye ukuta wa kushoto, pale katikati, nikarudi kitini. Mwanangu, besi ilikuja safi, ya mviringo, ikanigonga kifuani taratibu. Nikachukua chaki nikachora alama sakafuni kuizunguka, nikasema hapa haitoki hata aje nani. Sikujiuliza ule ukuta ni wa nani. Ulikuwa wangu na wa jirani, na haukufika hata kwenye mabati; juu kulikuwa na uwazi ambao paka alipita akitaka.

Jirani huyo tulimwita Baba Akinyi, kwa jina la bintiye. Alitoka upande wa ziwa, na kazi yake ilikuwa kulisha kuni boila ya kiwanda, ile inayotoa mvuke wa kukaushia majani. Msimu wa mvua majani yanakuwa mengi na boila inawaka usiku kucha, na zamu ya usiku ilikuwa yake. Alirudi asubuhi macho mekundu kwa moshi, akanywa uji, akachanja kuni za nyumbani, akalala kutoka saa sita mchana mpaka saa mbili usiku. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia. Kwetu Chebunyo, mwanamume anayekutwa kitandani saa sita mchana ni mgonjwa au ameamkia pombe ya busaa. Kwa kichwa nilijua ana kazi ya usiku. Kwa moyo nilimwona mvivu, na niliwaambia wenzangu hivyo, tukacheka.

Mkewe alikuja mara ya kwanza kwa upole. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Karani, habari ya mchana. Punguza hiyo kitu kidogo, mzee amelala."

"Pole mama, napunguza."

Nikapunguza. Alipofika kwake nikairudisha kidogo, kisha kidogo tena, mpaka ikafika ilipokuwa. Nilikuwa natoka kazini mapema, saa tisa tayari niko nyumbani, na Jumamosi saa sita. Saa hizo zote nilizipigia muziki. Nilikuwa na haki yangu, au nilidhani haki ndiyo hiyo.

Mara ya pili alikuja baada ya wiki chache, na mikono yake ilikuwa inashika leso, inaiachilia, inaishika tena.

"Karani, wamempa barua. Alilala mbele ya boila, moto ikashuka, majani ikachacha. Hii ni ya pili. Ikija ya tatu wanamtoa, na nyumba tunatoka. Akinyi ako darasa la nane, mtihani ni huu mwaka."

Unajua nilimjibu nini? Nataka ulisikie kwa kinywa changu kabla hujalisikia kwa watu.

"Mama, si nawasha mchana? Mchana si ni ya kila mtu?"

Alinitazama. "Sawa, karani," akasema, akaenda zake.

Sikulala vizuri wiki hiyo, kusema kweli. Nilishusha sauti, nikapandisha, nikafunga dirisha, nikalifungua. Nilitandaza blanketi ukutani nikaliondoa kwa sababu lilinikera macho. Nilifanya kila kitu isipokuwa kimoja. Sanduku lenyewe sikulihamisha, kwa kuwa nilikuwa nimehangaika sana kupata mahali pale, na kiburi changu kilikuwa kimekaa ndani ya ile alama ya chaki.

Siku kama ishirini baadaye, Jumamosi, nilirudi kazini nikasikia vitu vinaburutwa upande wa pili. Nikatoka. Baba Akinyi alikuwa anafunga masanduku kwa kamba, kwa utulivu.

"Mnasafiri, Baba Akinyi?"

"Tunarudi nyumbani. Ile ya tatu imekuja."

Nikasema nimsaidie. Tukatoa meza, tukatoa viti, tukafika kwenye kitanda. Nilipoinama nishike mguu wa kitanda akanigusa bega.

"Ngoja. Nenda kwanza uweke kanda yako. Vile huwa unaweka."

Nilidhani ananidhihaki, lakini uso wake haukuwa na dhihaka. Nikaenda, nikawasha kama kila Jumamosi, nikarudi. Akaonyesha kitanda kwa mkono.

"Lala hapo, karani. Viatu usitoe."

Nikalala. Kichwa cha kitanda kilikuwa kimegusa ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo, sentimita chache tu, ndipo nilipochora chaki. Maneno ya wimbo hayakusikika hata moja, gitaa halikusikika. Ilikuja besi peke yake. Ilipita ukutani, ikaingia kwenye mbao za kitanda, ikapanda mgongoni mpaka kwenye meno. Nikafumba macho, ikazidi. Wimbo mmoja haukuisha nikataka kuinuka, naye akaniwekea kiganja kifuani.

"Bado kidogo," akasema. "Mimi hulala hapo masaa nane."

Nilikaa pale chini ya mkono wake. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na kalamu mfukoni, na machozi yalinitoka yakaingia masikioni.

"Mimi ni mtu wa masikio," akaniambia. "Boila ikibadilisha sauti najua kabla mshale wa presha isonge. Umeiweka mahali pazuri. Hata mimi ningeweka hapo. Na mziki wako si mbaya, mama Akinyi anajua hizo nyimbo zote sasa. Lakini umekaa hapo miezi yote na hujawahi kuuliza kitanda yangu iko upande gani."

Nikamwambia nitakwenda kwa meneja niseme kosa ni langu.

"Utamwambia nini? Barua inasema nililala kazini. Na kweli nililala." Akaondoa mkono. "Haya, shika huko tubebe."

Tukabeba. Akinyi alikuwa amekaa nje juu ya gunia la vyombo, vitabu vyake amevifunga kwa karatasi ya nailoni. Nilimwambia pole. Akavivuta vitabu karibu naye, na sikumlaumu.

Jioni ile ile nililihamisha sanduku. Nililiweka kwenye ukuta wa nje, unaotazama bustani ya sukuma wiki, nikakunja gunia nikaliweka chini yake, nikasogeza kochi hatua moja. Nikawasha, nikaketi kusikiliza. Mwanangu, ilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa ndogo hata mgeni asingeitambua. Kazi ya mtu, nyumba ya watu, mwaka wa mtihani wa mtoto, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye hatua moja ya kochi, na mimi nilikuwa nimekataa kuinuka. Nikazima, na upande wa pili hakukuwa na mtu wa kufaidi kimya hicho. Miaka mitatu baadaye nilikwenda upande wa ziwa kumtafuta. Nikaambiwa walihama, na aliyeniambia hakujua walikokwenda.

Kwa hiyo sikiliza. Spika zako mbili ziweke usawa wa masikio yako ukiwa umeketi, umbali sawa kutoka kitini, na usizibandike ukutani. Sabufa usiifiche kwenye kona, itavuma. Iweke kwanza pale unapoketi, uwashe, kisha wewe tambaa chumba kizima kwa magoti ukisikiliza. Pale besi inapokuja safi ndipo pake. Iwekee kitu laini chini. Hayo fundi yeyote atakuambia.

La kwangu ni hili. Kabla ya yote hayo, toka nje. Bisha hodi kwa jirani wa kulia, bisha kwa wa kushoto, uulize wanalala wapi na wanalala saa ngapi. Usimhukumu mtu kwa saa anayolala. Wengine hulala mchana ili wewe unywe chai asubuhi. Na mtu akija mlangoni kwako na leso mkononi, usimjibu kwa haki yako. Inuka uende naye, ukasikilize kutoka alikotoka, na uende siku hiyo hiyo, ukiwa bado una mtu wa kumwendea.

Mungu akupe nyumba yenye nyimbo, mwanangu, na majirani wanaokuamkia kwa furaha. Akuondolee kiburi cha kitu kidogo, kile nilichokuwa nacho. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akuwekee mwenye kukosewa karibu, umkute bado hajafunga mizigo.