Mkanda wa Bi Saadiya

Mwaka 1936 Bi Saadiya alikuwa na nyumba ya vyumba sita Kariakoo, na ulimi uliotosha vyumba kumi. Kazi yake ilikuwa kuwapaka hina maharusi, na mkono wake ulisifiwa mpaka Upanga. Kati ya wapangaji wake wote, aliyempenda hasa ni Candida, binti wa Kilimanjaro aliyeshona magauni kwa cherehani ya mkono. Jioni walikaa uani, huyu akichambua mchele, yule akikunja pindo, na mgeni angedhani ni mama na mwanawe.

Idi ilipokaribia, Candida alimpima gauni. Akamzungushia futi chini kidogo ya matiti. Siku nne baadaye Bi Saadiya aliamka mbavu zinamwaka, na pale pale ilipopita futi pametoka malengelenge. Mkanda wa jeshi! Wanawake wa mtaa waliijua habari yake: ncha zake mbili zikikutana, mtu kwisha. Bi Saadiya, ambaye siku zote aliwacheka wanaoona wachawi kila pembe, safari hii hakucheka. Nani aliyemfunga mkanda ule, kama si yule aliyempima?

Hakuuliza. Candida alipomwamkia, "Shikamoo, Bi Saadiya," alimgeuzia mgongo. Siku ya tatu akampelekea neno kupitia jirani: Idi ikipita, ahame.

Idi ilipita, na maumivu yalipomshinda alijikokota mpaka zahanati. Dresa mmoja mpole, mfunga vidonda aliyeitwa Polycarp, akamtazama mbavu.

"Utotoni uliugua tetekuwanga, bibi?"

"Niliugua, kabla sijang'oka meno. Inahusu nini?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Madaktari wengine wa Ulaya wanaona kwamba haikutoka mwilini. Vipele vilikauka, lakini mbegu ya ugonjwa ikajificha kwenye shina la mshipa wa fahamu, kando ya uti wa mgongo, ikalala. Miaka arobaini imelala, nawe unakula na kucheka. Mwili ukichoka, inaamka, inaufuata mshipa wake mpaka kwenye ngozi."

"Na ncha zikikutana?"

"Kwa kawaida hazikutani. Mshipa wenyewe unaishia katikati. Hebu jipapase."

Bi Saadiya akajipapasa. Malengelenge yalianzia mgongoni, yakazunguka upande wa kushoto, yakakoma katikati ya kifua. Kulia ngozi ilikuwa laini tupu. Na futi ilizunguka pande zote mbili! Mtoto mdogo angeliona hilo. Yeye hakutazama, kwa kuwa alikwisha kupata wa kumlaumu. Aibu ilimshika pale pale kwenye benchi, ikamuuma kuliko mbavu.

Alirudi nyumbani mbio mbio. Candida alikuwa uani, godoro limekunjwa, cherehani imefungwa kwa khanga.

"Candida, mwanangu, nimekukosea. Nilidhani umeniroga kwa futi yako, kumbe ugonjwa ni wangu mwenyewe, nimeubeba tangu utoto. Nisamehe, fungua mizigo yako."

Candida alimshika mkono. Uso wake haukuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Bi Saadiya hofu.

"Nimekusamehe, mama. Ila chumba nimeshapata, Ilala."

"Kama umenisamehe, unakwenda kwa nini?"

"Kwa sababu siku ukiumwa tena," Candida akasema taratibu, "mtu wa kwanza utakayemtazama ni mimi."

Bi Saadiya alijua ni kweli. Akainama, mbavu zikimchoma, akashika upande mmoja wa godoro, wakatoka nalo.