Taa Nyekundu ya Makhanu: Gari Moja Bado Halijapatikana

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kinachoonekana cha Philip Makhanu ni miguu miwili tu. Kiwiliwili kimezama ndani ya teksi ya Griffin, kichwa kimebanwa katikati ya viti vya mbele, na sauti inatoka chini ya handbreki kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

"Vuta juu!"

Griffin anavuta. Kipete kidogo kwenye ncha ya handbreki kinawaka nyekundu.

"Shusha!"

Anashusha. Kinageuka kijani.

"Sasa imekuwa sawa," anasema Makhanu akijitoa kinyumenyume, magoti yamejaa vumbi. Kisha anasita. "Si sawa. Lakini ndivyo watu wanataka."

"Kwani miezi minane yote nimekuwa nikisoma taa kinyume?" anauliza Griffin. "Ndiyo maana gari ilikuwanga inanuka nikipanda mlima wa Isecheno! Niliona kijani, nikadhani handbreki imeachia. Nimebadilisha breki mara mbili, fundi, nikimlaumu makanika!"

"Wewe ulikuwa unaona vizuri. Taa ndiyo ilikuwa inaongea na mtu mwingine."

Kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa kibanda, mwanamke mwenye magongo mawili anacheka kwa sauti. Huyo ni Rosebella, mke wa Makhanu. Anachovya kijiti katika chupa ya rangi nyeupe ya kucha, anajikongoja hadi garini, anaingiza mkono dirishani, anatia nukta moja kando ya kipete na kurudi kitini.

"Ishirini na mbili," anasema. "Imebaki moja."

Kibanda hiki kiko kando ya barabara ya kwenda Lurambi, mjini Kakamega. Mwaka mmoja uliopita, kijana yeyote mwenye gari alijua njia ya kufika. Makhanu, mwenye umri wa miaka 58, alikuwa akichukua taa za LED kutoka tochi zilizokufa na taa za sola zilizonyeshewa, akazipandikiza ndani ya vitu vidogo vya gari: kishikio cha kikombe, kichwa cha gia, tundu la ufunguo, hata msalaba unaoning'inia kwenye kioo. Inasimuliwa, na yeye hakanushi, kwamba kishikio chake cha kwanza kiliangaza sana hata jogoo wa jirani akawika saa nane mchana, na jogoo huyo hajarekebika hadi leo.

Siri yake ilikuwa kalamu. Alikata mrija wa kalamu ya kawaida kuwa pete nyembamba, akausugua kwa msasa mpaka ukafifia kama maji ya mchele, kisha akaficha taa ndani. Mwanga ulizunguka pete nzima bila kuumiza macho. Siku nzuri ilimpa shilingi 1,500. Siku hizi akipata 300 anafunga mapema.

Kilichomwangusha si uvivu wala pombe. Kilichomwangusha ni ufundi alioujua kuliko kitu kingine chochote duniani.

Kwa miaka 22 Makhanu alikaa mbele ya ubao wa taa katika kiwanda cha sukari. Kazi yake ilikuwa kutazama. Wenzake wanasema alizitazama taa zile mpaka akawa anapepesa macho kwa zamu, jicho moja likilala, jingine likibaki kazini. Huko, nyekundu ilimaanisha mashine inasaga, umeme umejaa, usipeleke mkono. Kijani ilimaanisha mashine imelala, ni salama, ingia.

"Mtu akikosea hiyo, anarudi nyumbani bila vidole," anasema. "Hatukufundishwa kwa kitabu. Tulifundishwa kwa kuonyeshwa mkono wa mwenzetu."

Kiwanda kiliposimama, Makhanu alirudi nyumbani na bisibisi, ovaroli mbili na lugha hiyo ya taa. Basi alipobuni kipete cha handbreki, kinachowaka hata ufunguo ukitolewa, hakuhitaji kufikiri. Handbreki ikishika, gari limelala: kijani. Ikiachia, gari liko huru, ni hatari: nyekundu. Akafunga vipete 23 kwa moyo mweupe. Hakumweleza mteja hata mmoja. Angeelezaje? Ni sawa na kumweleza mtu kwamba jua ni la mchana.

Kisha Andati akafa.

Andati alikuwa wa boila, tangi la mvuke la kiwanda, rafiki yake wa zamu ya asubuhi. Siku ya mazishi, nyumbani kwa marehemu huko Khwisero, wafanyakazi kumi na watano wa zamani wa kiwanda walisimama mstari mmoja kando ya kaburi. Juu yao, kwenye mteremko wa nyasi, Mwalimu Kageha, mmoja wa wateja wa vile vipete, aliegesha gari lake dogo lililojaa kreti za soda. Akaacha gia huru. Akatupa jicho kwenye handbreki, akaona nyekundu, akaridhika kwamba imeshika, akashuka.

Gari lilitulia, gurudumu limeegemea kichuguu kidogo. Vijana walipoanza kushusha kreti, likatikisika.

Sammy Lusweti, mmoja wa wale kumi na watano, ndiye aliyekuwa karibu. Aliona taa kupitia dirishani.

"Nilipiga kelele, 'Inasaga! Inasaga!'" anakumbuka. "Wale wa kiwanda wote wakaruka kando. Wengine wakadhani namlilia marehemu. Mama mmoja hata alinishika mkono akaniambia, 'Pole mulamwa, pole shemeji, jikaze.'"

Gari likashuka polepole, halina dereva, likapita katikati ya viti, likaangusha nguzo ya hema, likafika jikoni. Rosebella alikuwa ameinamia sufuria ya obusuma, ugali wa watu mia mbili, mwiko umeshikwa kwa mikono yote miwili, mgongo ameupa mteremko.

Mfupa wa paja ulivunjika mara mbili. Alilazwa wiki saba. Mguu wa kushoto sasa ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili.

"Mimi ndiye mwanamke pekee Kakamega nzima niliyegongwa na gari lisilo na mtu, taa ya bwanangu ikiliangazia njia," anasema. Anacheka, lakini Makhanu hacheki. Anainama kutafuta kitu mezani ambacho hakijapotea.

Wiki ya kwanza alimlaumu mwalimu. Alisema wazi mbele ya watu kwamba mwanamke aliyesoma hivyo angejua taa. Rosebella, mguu umetundikwa wodini, alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nikamwambia, 'Baba Mitchel, toka hapo kitandani kwangu. Zunguka wodi hii uulize watu: nyekundu ni nini?'"

Akazunguka. Aliuliza nesi, mfagiaji, mgonjwa aliyefungwa kichwa, na mtoto wa darasa la pili aliyekuja kumwona nyanyake.

"Niliuliza watu kumi na mmoja," anasema Makhanu. "Wote kumi na mmoja walikosea. Na wote walikosea kwa njia moja."

Alirudi akaketi kwenye kona ya kitanda. Ndipo alipohesabu vipete vingine 22 vilivyokuwa vikizunguka kwenye milima ya Kakamega, vikimwambia kila dereva kwamba hatari ni usalama.

Kurekebisha kimoja ni kazi ya dakika tano: kubadilishana nyaya mbili. Alianza na gari la mwalimu mwenyewe, kisha akaingia barabarani. Wengine aliwapata sokoni Iguhu, wengine nje ya kanisa, mmoja katikati ya harusi, bwana harusi akiwa ndani. Hatozi kitu. Lakini lazima amweleze kila mwenye gari kwa nini amekuja, na kila aliyeelezwa ameenda kueleza wengine.

Sasa wanamwita Fundi Kinyume. Mteja akileta hata kishikio cha kikombe, anauliza kama chai itamwagika kwenda juu. Mafundi wenzake wa barabarani humo walimshauri anyamaze tu, magari mengine yatazeeka yenyewe.

"Waliniambia, 'Wewe unajiharibia jina bure,'" anasema. "Jina langu liko kwa mguu wa bibi yangu. Anatembea nalo kila siku."

Gari la ishirini na tatu ni dogo, la rangi ya fedha. Makhanu alilifunga kipete likiwa la mtu aliyeliuza baadaye kwa mkulima wa mahindi wa Lugari, Mzee Kibiwott. Imewachukua miezi miwili kupata namba yake. Griffin akiwa bado anakagua kipete chake, Rosebella anapiga simu na kuweka sauti ya juu.

"Ile gari niliuza mwezi wa tatu, mama," sauti inasema. "Ile taa nilidhani ni pambo."

"Uliuzia nani, mzee?"

"Daktari wa ng'ombe. Jina lilikuwa kwa simu ya zamani, na simu iliingia kwa pipa la maziwa. Alisema anapelekanga mama yake kanisani huko Khwisero."

Makhanu anaweka bisibisi chini.

"Hiyo kanisa," anauliza Rosebella, "iko mlimani ama iko bondeni?"

Kwenye simu, ng'ombe analia mbali.

"Hiyo sikuuliza, mama."

Jumapili hii mume na mke wataenda Khwisero, wasimame kwenye milango ya makanisa, yeye na bisibisi, Rosebella na chupa yake ya rangi ya kucha. Kama hawatapata, wataenda Jumapili nyingine. Makhanu anasema akishabadilisha hilo la mwisho atarudia kazi ya taa, ila atatumia bluu peke yake. Kiwandani hapakuwa na taa ya bluu. Haisemi kitu.

Kwa sasa, ombi lake ni kwamba gazeti hili liandike, kwa faida ya daktari huyo, kuwa kwa haki na kwa ufundi, taa nyekundu ni ya mashine inayo...

"Wacha ufundi," Rosebella anamkata. Anasogeza magongo, anainuka, mguu mfupi ukitafuta ardhi. "Andika vile mimi nasema. Andika: wewe mwenye gari ndogo ya rangi ya fedha, handbreki iko na pete ya kalamu, haina nukta nyeupe. Ukiona nyekundu, usimwamini bwanangu. Vuta mpaka iwe kijani. Halafu ukishuka, angalia nani amesimama chini yako."