Siku Tuliyomtaja Sipho

Ipo Jumapili moja ya mwaka 2017, mwanangu, ambayo kila nikidhani nimeisahau inarudi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo univumilie nikiieleza vibaya.

Nilipanga chumba katika nyumba ya zamani kule Bellevue, mtaa wa kusini mwa Afrika uliojaa sisi wakimbizi, cherehani yangu ikiwa barazani. Jirani yangu wa chumba cha pili, Mama Jolie, alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa mtaa wa nyuma. Asubuhi aliipitia, ilikuwa salama. Alipotoka kanisani akakuta mlango umevunjwa na mashine zake za kukausha nywele zimebebwa. Tukapiga simu polisi. Niseme haki, siku hiyo walifika upesi, na sajini mmoja mwanamke akaingia uani kwetu kuuliza.

Sasa, sisi tulikuwa na mazoea yetu. Polisi akiuliza, tunasemezana kwanza kwa Kiswahili mbele yake, tunakubaliana jibu, halafu mmoja anampa kwa Kiingereza.

"Tumtaje nani?" mtu akauliza.

"Si Sipho? Huyo anayetutukana sisi wageni kila siku, ati makwerekwere," akasema Mama Jolie. "Leo apande gari lao, tuone kama atacheka."

Watu wakacheka. Sipho, kijana wa nyumba ya jirani, alikuwa getini akitazama. Mmoja wetu akamwambia sajini kwa Kiingereza kwamba ni yule, polisi wakampakia garini.

Lakini Sipho alikuwa kwangu asubuhi yote. Alileta suruali ya kupunguzwa, akakaa juu ya kreti akinisimanga, "Wewe, unashona au unasali?" Nililijua hilo, nikanyamaza. Karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa imeisha muda, na anayejitokeza kusema huombwa karatasi.

Papa Elie, mlinzi wa duka na mzee wa kanisa letu, alikuwa anafungua viatu baada ya zamu. Akaniambia bila kuinua kichwa.

"Nilipita nikamwona kwa cherehani yako. Mimi nilipita tu, wewe ndiye uliyekaa naye. Kila siku tunalia kwamba watu wa hapa wanatusingizia. Leo zamu yetu imefika. Imekuwa tamu, eh?"

Nikamwendea sajini, nikamweleza. Kweli, akaomba karatasi. Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena, akanirudishia.

"Eish, baba. Hii nenda kairekebishe."

Akafungua mlango wa gari. Polisi mwingine angenipakia mimi mahali pa Sipho. Nimewahi kupakiwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, sitakudanganya.

Sipho akashuka, akajipangusa. "Kwerekwere, suruali yangu iko tayari?" Asante sikuisikia. Zile mashine hazikupatikana. Mama Jolie alininunia muda mrefu, nami sikumlaumu, maana kazi yake ilisimama.

Mpaka leo sijui kama nilikuwa jasiri au nilimwonea haya mzee tu. Lakini polisi akikuuliza, mwanangu, sema ulichokiona, ukomee hapo. Usiongeze kwa sababu mtu alikutukana, wala usipunguze kwa sababu unaogopa. Siwezi kukuahidi kwamba utapendwa. Kusema hivyo kunachosha.

Mungu akukutanishe na askari mwenye subira kama yule sajini. Na siku utakayopakiwa wewe bila kosa, akuwekee uani mtu mmoja atakayesogea mbele, hata kama hakupendi.