Mama Ndoo

Kuluthum hakuitisha ndoo. Naanza na hilo kwa sababu Mombasa nzima inajua vingine, na mimi nimechoka kubishana na watu dukani, harusini, na hata matangani ambapo mtu angetakiwa kunyamaza.

Ni mtu niliyesoma naye chuo cha Kurani tukiwa wadogo, Bofu, huko Likoni. Mamake alifariki kabla hajaacha ziwa, akalelewa na mashangazi kwa zamu, leo huku na kesho kule, nguo zake zote ndani ya mfuko mmoja. Ndiyo maana alipoolewa na Bassam hakumfurahia mume kama alivyomfurahia mama mkwe. Bi Kibibi alimpokea mlangoni siku ya harusi akamwambia, "Hini ni nyumba yako, nami ni mamako." Kuluthum aliyashika maneno yale kwa mikono miwili. Akiitwa na mtu mwingine huitika "abee" akiendelea na shughuli zake. Akiitwa na Bi Kibibi, abee ilimtoka ameshasimama.

Kazi yake ni upishi. Pilau za harusi na biriani za khitma zilimpatia jina, na siku za kawaida aliuza kuku aliowachinjisha na kuwanyonyoa mwenyewe uani, penye jiko la kuni na sufuria kubwa ya maji ya moto. Mikono yake ina alama nyingi. Tulizoea kusema ni za jiko, naye alituacha tuseme hivyo, ingawa jiko haliunguzi mtu nyuma ya shingo.

Bassam alikuwa mtu wa watu. Lazima niseme, la sivyo mtaniona na mimi nimeshika upande tu. Alifanya kazi na malori Miritini, na mtaani kukitokea maiti yeye alikuwa wa kwanza kuingiza bega chini ya jeneza. Wazee wakimpenda, watoto wakimkimbilia. Akishavuka kizingiti cha kwao, alikuwa mtu mwingine kabisa. Bi Kibibi alilijua hilo kuliko sote. Mara nyingi Kuluthum alipozidiwa aliita, "Mama, ndoo!", na Bi Kibibi akatoka chumbani na tasbihi yake, akasimama kati ya mwanawe na mkaza mwanawe mpaka Bassam akachoka kutukana.

Sasa hilo neno. Mgeni akisikia ndoo anafahamu chombo cha kuchotea maji. Sisi wa Mvita, njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Ulimi ukigusa meno, unaitwa. Ukirudi nyuma kidogo, unaagizwa chombo. Mtoto wetu wa chuo hakosei hapo, lakini askari hakulelewa Bofu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, kuku wamekwisha kuchinjwa, maji yanatokota. Bassam alikuwa amesikia kwamba mkewe anatafuta chumba cha kupanga peke yake. Aliingia, akasimama kwenye mlango wa uani, akaokota kisu cha kuku. Ua wa Bi Kibibi hauna mlango mwingine. Una ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu, uliojengwa zamani ili wezi wasiingie. Kuluthum anasema Bassam hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alimwambia taratibu, "Leo nakuchinja nawe." Kuluthum akaita kama alivyozoea kuita, "Mama, ndoo! Ndoo! Ndoo!" Hakuna aliyekuja. Bassam akapiga hatua ya kwanza, ya pili, na Kuluthum akainua ile sufuria.

Aliyeamshwa na mwito ule ni Wafula, mpangaji wa chumba cha mbele, mtu wa Bungoma anayefanya kazi ya usiku kiwandani Changamwe. Alipofika uani alimkuta Bassam chini, na Kuluthum amepiga magoti, ndoo ya buluu mkononi, akimmwagia mumewe maji baridi na kulia. Bassam alifariki hospitali siku chache baadaye.

Wafula si mwongo. Aliulizwa alisikia nini, akasema alichosikia: mama wa kuku aliita ndoo, ndoo, ndoo, kisha bwana yake akapiga kelele. Askari akaandika kwamba mshtakiwa aliitisha ndoo, akachota maji yaliyokuwa yakichemka, akamfuata mumewe. Ndoo ya buluu ikatiwa kwenye mfuko wa ushahidi. Kisu kikaandikwa kuwa ni cha jikoni, kilikutwa jikoni, na jikoni si ajabu kukuta kisu. Kuluthum mwenyewe alitia sahihi maelezo yake akiwa hajui anatia sahihi nini, maana akili yake yote ilikuwa hospitali.

Akashtakiwa kwa mauaji.

Mahakama ilimpa dhamana, mimi nikamdhamini, akaja kukaa kwangu Frere Town. Masharti yalikuwa haya: asikanyage Bofu, asitoke Mombasa, asizungumze na shahidi yeyote. Shahidi mmoja alikuwa Bi Kibibi. Kwa hiyo hakumpa mkono wa tanzia, hakukaa naye eda katika nyumba aliyoambiwa ni yake. Eda alikaa chumbani kwangu, kwenye kitanda cha binti yangu, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Eda ilipokwisha hakutoka. Niliwahi kumwambia twende tu hadi sokoni, akavaa buibui, akafika mlangoni, akarudi kuvua.

Na angetokaje? Huko nje alikuwa ameshapewa jina. Mtu mmoja aliiweka picha yake kwenye simu na maneno "Mama Ndoo", ikaenda mjini kote. Radioni wakafungua simu za wasikilizaji: alijihami au alilipiza? Mwanamume mmoja akasema aliyekuwa na haja ya kujihami angekimbia. Nilitamani kumpeleka yule bwana pale uani nimfungie, nimwambie haya, kimbia. Mwanamke mwingine akapiga kusema Mama Ndoo ni shujaa, kila mke achemshe maji. Huyo aliniudhi zaidi. Kuluthum aliisikia radio ile akaniomba niizime, akasema, "Hao wanaonisifu, Samah, wanasema nalikusudia."

Hata waliojua maana ya neno hawakumsaidia. Barazani Bofu walisema ndiyo, ndoo ni njoo, basi alikuwa akimwita Bassam asogee ammwagie. Yaani neno moja la mtu anayeomba kuokolewa, wageni wamelifanya chombo na wenyeji wamelifanya mtego. Nililia kwa hasira siku niliyoletewa maneno hayo.

Wakili wake, Valarie, alipewa na serikali, msichana wa bara mwenye bidii. Alimwambia ukweli. "Mama, nikimwambia jaji ulikuwa unasema njoo, ataniuliza ulikuwa unaita nani. Nani alikuwa kwa nyumba?"

"Wafula, amelala. Na Mama."

"Na mama mkwe alikuskia?"

"Hakusikia," Kuluthum akasema. "Angelisikia angelikuja."

Valarie akasema basi upo mlango mmoja tu. Akubali kosa la kuua bila kukusudia, kiongozi wa mashtaka ataafiki, atafungwa miaka michache badala ya kuhatarisha maisha yake yote. Akikataa, na jaji akaamini ile ndoo, hatatoka. Akamwachia afikirie.

Nilimwambia akubali. Sioni haya kusema. Akaniuliza kukubali ni kusema nini, nikamwambia ni kusema uliua kwa makosa. "Sikuua kwa makosa wala kwa kusudi," akasema. "Nalikuwa sina pa kwenda."

Hapo nikamtajia jambo lililokuwa likinikera. Kwenye maelezo ya Bi Kibibi polisi, ambayo Valarie alitusomea, kulikuwa na sentensi moja tu: nalikuwa chumbani, sikuona. Nikasema, "Kuluthum, hakusema hakusikia. Kasema hakuona." Alinitazama kama nimemtukana mzazi wake. Akasema Bi Kibibi huswali dhuha saa zile, na akiswali hasikii kitu, na nisirudie tena maneno yale ndani ya nyumba aliyomo yeye.  Nyumba ni yangu, lakini sikurudia.

Nilikuja kufahamu baadaye. Mengine yote alikuwa ameshapokonywa: mume, kazi, jina, hata mlango wa kutokea. Kilichobaki ni kwamba yupo mama mmoja duniani ambaye angelisikia angelikuja. Juu ya hilo ndipo alipokuwa amesimama, nami nilikuwa nikimvutia zulia chini ya miguu.

Akakataa kukubali kosa. Kesi ikaendelea.

Wafula alitoa ushahidi wake kwa upole, akitazama viatu. Aliyekuwa akitafsiri, kila neno lile lilipotajwa, alimtajia jaji chombo. Valarie akasimama akaeleza kuhusu Kimvita, kiongozi wa mashtaka akauliza mbona maelezo hayo yamezaliwa baada ya mshtakiwa kupata wakili. Watu wakacheka nyuma. Kuluthum alikaa kizimbani ameshika ukingo wa mbao.

Kisha akaitwa Bi Kibibi, shahidi wa upande wa mashtaka, mama wa marehemu. Alikuwa amekonda. Aliapa kwa msahafu, akapewa kiti. Kiongozi wa mashtaka alimpa pole, akauliza mambo madogo madogo, kisha akainua ile ndoo ya buluu kutoka kwenye mfuko wake.

"Mama, siku ile mshtakiwa alitamka neno gani?"

Bi Kibibi aliitazama ile ndoo. "Ndoo," akasema.

"Ndoo hii?"

"Si hiyo."

"Ni ndoo gani basi?"

"Alikuwa yuwaniita mimi."

Kiongozi wa mashtaka akataka kuketi, lakini jaji akamzuia. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, aliyekuwa akiandika muda wote. Akaiweka kalamu yake chini, akauliza mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Ulisikia akikuita?"

"Nalisikia. Aliniita, Mama, ndoo. Hivyo ndivyo aniitavyo siku zote, nami huja."

"Ulifanya nini?"

"Naliitika abee." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kidogo, hata mwenyewe sikujisikia. Kisha nikakaa."

"Kwa nini?"

"Nalichoka, mwanangu. Kila siku mimi kati yao. Bassam alishanisukuma mara mbili, nimeanguka na nyonga hini. Nikasema leo waache wapijane wamalize wenyewe. Sikujua kama kuna kisu. Lau nalikuja, mwanangu angekuwa hai, na hunu mtoto wa watu hangekuwa pale."

Hakuna aliyecheka nyuma. Mimi sikumtazama Bi Kibibi. Nilimtazama Kuluthum, nikitarajia kuona mtu aliyefunguliwa, maana kwa maneno yale alikuwa amekwisha kuokoka na kila mtu mle ndani alijua. Alikuwa ameufungua mdomo kidogo, macho hayapepesi. Nimemwona Kuluthum siku alipozika mume kwa mbali na siku alipolala rumande. Sijamwona hivyo.

Hukumu ilipotoka, jaji alisema mtu aliyezibiwa mlango kwa kisu, akaita msaada na msaada usije, hawezi kuulizwa kwa nini hakukimbia. Akamwachilia huru. Radioni walizungumza siku moja, wakahamia kwa mwingine. Jina la Mama Ndoo halikuhama.

Baada ya siku kadhaa tulikwenda Bofu kuchukua vitu vyake. Wafula ndiye aliyetufungulia, akamwomba radhi, akasema, "Mama, mimi nilisema tu vile niliskia." Kuluthum akamjibu kwamba anajua, na hana kinyongo naye. Ni kweli hakuwa nacho. Akaingia jikoni akatoa upawa wake, mbuzi ya nazi, na sufuria zake za harusi, zile nyingine. Uani hakutoka.

Tulikuwa ukumbini tukielekea mlango wa mbele. Mlango wa chumba cha Bi Kibibi ulikuwa wazi nusu, pazia limeshuka. Nadhani alizisikia sufuria zikigongana.

"Kuluthum," akaita kutoka ndani. "Mwanangu, ndoo."

"Abee," Kuluthum akasema.

Aliisema chini kabisa. Mimi niliyekuwa bega kwa bega naye niliisikia kwa shida, na yule wa nyuma ya pazia nina hakika hakuisikia. Pazia lilikuwa hatua chache tu. Kuluthum alisimama pale ukumbini, sufuria mikononi, na mimi sikuweza kumwambia nenda, wala sikuweza kumwambia twende.