Kiraka cha Mbele

Shangazi yangu ana jicho moja. La kushoto lilimtoka sokoni, asubuhi ya Jumanne, akiwa amemlalia mwanamume ambaye si ndugu yake wala si mumewe. Watu wakisimulia habari hii husema alipigwa na umati. Umati hauna mkono. Tofali lilirushwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Nimelitanguliza hilo ili nisije nikajikuta natia chumvi huko mbele.

Shangazi ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, kinaenea meza moja na kiti kimoja. Ukitaka kupimwa suruali unasimama mlangoni, nusu ndani nusu barabarani, na wapita njia wanasikia kiuno chako ni inchi ngapi. Ana mdomo. Mwenye kitambi akileta kitambaa humwambia waziwazi kwamba hicho kinatosha mguu mmoja, akalete cha mguu wa pili. Hakujaliwa mtoto. Mimi, binti wa kaka yake, nimekulia chini ya meza ile nikiokota vifungo.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitoa huduma ya kwanza pale sokoni bila kutumwa na mtu. Mpagazi akiangukiwa na gunia, mchinjaji akijikata kidole, wote walikimbizwa kwa fundi. Kisha serikali nayo ikagundua kujitolea. Wizara ya afya na halmashauri ya mji zikaingia ubia, wakubwa wakasaini karatasi mbele ya kamera, wakatangaza kwamba kulitumikia taifa si kazi ya vijana wa kambini peke yao tena: hata mstaafu, hata mama wa nyumbani, anaweza kujiandikisha, akafunzwa, akapangiwa eneo. Shangazi alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akakabidhiwa watu kumi na wawili na soko letu zima.

Wizara ilileta bandeji. Halmashauri, ili nayo ionekane, ikaleta vizibao vya rangi ya machungwa vyenye mstari wa fedha mgongoni. Shangazi alikunjua kimoja, akakigeuza ndani nje.

"Hivi si vya mgambo?"

Mgambo wa halmashauri ndio wanaobomoa vibanda. Kizibao kile kila muuzaji wa pale anakijua hata akifumba macho.

Ofisa aliyevileta, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akacheka. "Mama, kizibao ni kizibao tu. Vilikuwa vimebaki stoo. Huo ndio ubia, tunasaidiana."

"Mwanangu, watu watatuua."

"Watazoea, mama."

Shangazi alikaa siku tatu akishona viraka vyeupe vya ukubwa wa kiganja, vyenye neno MSAADA kwa uzi wa kijani. Alivishona kifuani, upande wa moyo, kwa sababu yeye ni fundi na fundi anajua nembo inakaa wapi kwenye nguo ya heshima. Kumi na vitatu, pamoja na chake yeye mwenyewe, vyote vimenyooka. Mimi nilikuwa namkatia nyuzi kwa meno. Nilitaka kujiunga nao, lakini baba alinikatalia katakata.

"Uvae nguo ya watu wanaonivunjia meza?" aliuliza. "Labda nikiwa kaburini."

Mimi na baba tunauza viatu vya mitumba. Meza yetu ilikuwa safu ya tatu, chini ya turubai tulilolikandamiza kwa vipande vya matofali lisipeperuke.

Jumanne ile watu wa shangazi walipangiwa kuja kuwafundisha wauzaji namna ya kuzuia damu. Jumanne hiyo hiyo, saa mbili asubuhi, halmashauri ikaleta tingatinga. Ofisi moja, jengo moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Mpaka leo nikifikiria hilo natamani kumzaba mtu kofi.

Tingatinga liliingilia upande wa vyombo. Mbele yake walitangulia mgambo kama arobaini wenye marungu, na vizibao vyao. Mama muuza vyombo aling'ang'ania sinia zake. Wakampiga rungu la vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi vidole vikaachia. Mzee wa kutengeneza redio aliburutwa kwa kola, kichwa kikigonga kila jiwe. Safu ya kwanza ikalala. Safu ya pili ikalala. Baba akasimama mbele ya meza yetu na mikono juu.

"Subirini kidogo, wanangu," alisema. "Nikusanye tu."

Mmoja wao akampiga rungu la mdomo. Nilisikia meno yakivunjika. Baba alikaa chini juu ya mali yake, akatema damu, akaanza kupapasa kati ya viatu vya watoto akitafuta meno yake.

Damu ilinichemka. Sijitetei, nasema ilivyokuwa. Sikuwa peke yangu: soko zima lilipandwa na wazimu, ikawa patashika nguo kuchanika. Nondo za miavuli ziking'olewa, mizani ya chuma ikirushwa, mchinjaji na shoka lake la mifupa akiwa ameligeuza kisogo. Nilimwona mgambo mmoja sikio likining'inia. Nilifurahi, na hilo nalo ni kweli. Walipoona tumewazidi walikimbilia lori lao, dereva wa tingatinga akaruka akaliacha linanguruma peke yake, na lori likaondoka huku wengine wakiwa wamening'inia ubavuni.

Sisi tukabaki na hasira zetu mkononi, hatuna wa kumpiga.

Hapo ndipo mtu akapiga ukelele: "Mmoja huyu hapa! Kabaki mmoja!"

Alikuwa Posta, aliyewahi kufika kabla ya wenzake. Jina hilo tulimpa kwa sababu alichambua barua miaka thelathini kabla ya kustaafu na kujiunga na kundi la shangazi. Haoni vizuri, na anapofanya kazi huinama mpaka pua inagusa. Alikuwa amepiga magoti akimfunga mama muuza vyombo vidole, mgongo umeelekea njiani. Waliokuja walikiona kizibao kwanza, na baada ya hapo hawakutaka kuona kingine.

Nondo ya kwanza ilimpata begani, akaanguka kifudifudi. Kiraka chake kikazama kwenye tope. Mchinjaji akamrukia mbavu kwa miguu miwili. Watano, kumi, ishirini wakamzunguka. Mama muuza vyombo alilia, "Huyu ananisaidia! Huyu ananisaidia!" wakamsukuma huko akaangukia sinia zake. Posta alikuwa anasema kitu, ila kinywa kilijaa tope. Mara nikaona mtu anavingirisha tairi kuukuu kutoka kwa fundi baiskeli, na mwingine anaitisha mafuta ya taa. Kila mtu pale alijua tairi lile linakwenda wapi. Mimi pia nilijua. Sikufungua mdomo.

Shangazi alitokea upande wa kibanda chake akikimbia, kizibao mwilini, futi ya kupimia ingali shingoni. Alimpiga mchinjaji sanduku la bandeji la kisogo, la pili usoni, akapenya chini ya mikono ya watu, akamlalia Posta mwili mzima. Wakampiga yeye sasa. Nondo ya mgongo, teke la nyonga. Alikuwa akipayuka, "Ni Posta! Wapumbavu nyie, ni Posta!" lakini katika kelele zile nani angesikia? Hayo niliyajua baadaye; wakati ule nilichokiona ni migongo miwili ya rangi ya machungwa, mmoja juu ya mwingine.

Nilikuwa hatua kumi. Nyuma yangu baba alikuwa anatema. Niliokota nusu tofali lililokandamiza turubai letu, nikaliinua kwa mikono miwili.

Ule mgongo wa juu ukageuka.

Nikaona kiraka cheupe. Nikaona uzi wa kijani. Nikaona uso wa shangazi yangu umenielekea mimi, mimi hasa kati ya watu wote wale. Tofali lilikuwa limeshanitoka.

Sauti yake sitaiandika. Nitasema tu kwamba wote waliisikia, wakaona sura, na mtu akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, ni fundi." Nondo zikaanza kuanguka moja moja. Mchinjaji akaketi palepale alipokuwa, kama mtu aliyekatwa miguu.

Shangazi alifunika upande wa kushoto kwa kiganja, damu ikimpita kati ya vidole hadi kwenye kiwiko. Akauliza, "Nani ana kitambaa safi?" Akawageukia: "Nauliza nani ana kitambaa safi! Wewe uliyemvunja mbavu, njoo umshike kichwa. Usimgeuze shingo. Polepole, mshenzi wewe." Mchinjaji akamshika Posta kichwa huku analia kwa sauti. Watu waliokuja kuua walitumwa wakaleta maji, wakaleta ubao, wakambeba Posta mpaka zahanati wakiwa wanakwenda hatua moja, kwa hesabu aliyoitoa shangazi. Yeye mwenyewe hakuruhusu mtu amguse mpaka Posta afikishwe.

Posta alipona, ila huchechemea. Jicho halikupona.

Ofisa alikuja hospitali na cheti kwenye fremu. Shangazi alimpa vidonge vyake mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akamwambia kitu ambacho nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe: "Nilivishona mbele. Watu hupigwa kwa nyuma." Mwaka ule ule vizibao vikabadilishwa vikawa vya bluu, na alivishona vyote upya, kiraka mgongo mzima. Mpango umeenea, siku hizi kila soko la mji lina kundi lake na viraka vyote vinatoka kwenye cherehani ile. Baba, na meno yake ya bandia, aliniambia mwenyewe nikajiandikishe. Hakuna aliyewahi kuuliza tofali lilitoka wapi.

Kwa jicho moja hawezi kutunga uzi. Kwa hiyo mchana nikifunga meza naenda kumtungia sindano, za mashine na za mkono, nyingi, azichomeke kwenye mto wake. Miaka minne nimetunga sindano na neno limenikaa kooni. Wiki iliyopita likatoka.

"Shangazi, siku ile. Lile tofali."

"Lete uzi wa kijani."

"Ni mimi niliyelirusha."

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Aliendelea kuangalia kitambaa.

"Najua," alisema. "Nilikuona kwa pembe ya jicho ukiliinua. Kwa nini unadhani niligeuka?"

Nilikuwa nimeushika ule uzi wa kijani.

"Nilidhani ukiniona uso utaacha," akasema.

Nililia mpaka uzi ukalowa mkononi mwangu. Akaninyang'anya sindano, akaisogeza karibu na jicho lake, akajaribu kuutunga mwenyewe. Akakosa mara tatu, kisha akanirudishia.