Jino la Sabato

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, daktari wa meno mjini Kisii alitoboa jino langu lililooza, akatoa mshipa wa ndani, akaziba tundu kwa dawa ya muda. Akaniambia nirudi Jumamosi bila kukosa, la sivyo usaha ungerudi na jino lingeng'olewa. Nikaitikia kama mjinga. Nilipokuwa napanda kilima cha Nyanchwa kurudi nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi ni Sabato, na baba yangu ni mzee wa kanisa la Waadventista, ambako siku hiyo hakuna shughuli wala safari ya mjini.

Siku nne niliigusagusa ile dawa kwa ulimi, nisithubutu kumwambia baba. Ijumaa jua likizama, tulipomaliza wimbo wa kufungua Sabato, nikamweleza. Akafungua mdomo, akanionyesha pengo la jino.

"Mimi nilingoja Jumapili," akasema. "Kesho nenda."