Virunga ao Kahuzi: Miaka Yangu ya Kuongoza Wageni Kutoka Sake

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nimenye viazi, na hadi jua linashuka sikuambiwa kitu kingine. Ilikuwa pale Sake, chini ya milima ya Masisi, mahali njia tatu zinapoachana. Moja inakwenda Goma na mbuga ya Virunga. Nyingine inafuata ziwa hadi Bweremana, halafu mbele zaidi, kuelekea mbuga ya Kahuzi-Biega. Ya tatu inapanda milimani kwenda Masisi na Walikale. Mwenye kazi alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa ya asubuhi, mwenye duka la jumla na malori. Sote tulimwita Patron. Aliona wageni wanapita mbele ya duka lake wakienda kutazama wanyama, akafungua ofisi ndogo pembeni: jeep moja, mahema machache, muongozaji mmoja na mpishi mmoja.

Mpishi nilikuwa mimi, binti wa wakulima wa juu Masisi, niliyemaliza shule ya msingi na kujua Kifaransa cha kuombea maji.

"Unajua kupika chakula ya bazungu?" Patron aliniuliza mlangoni.

"Najua kupika chakula ya batu, Patron. Bazungu nao ni batu."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Basi, viazi iko pale. Na usikie muzuri: mugeni akikuuliza mbuga gani njo inapita ingine, unamujibu ni ile kamio yangu inaenda."

Kamio ni lori lake la bidhaa, basi nilicheka pia. Wakati ule sikujua kwamba neno hilo litanifukuzisha kazi.

Muongozaji wetu alikuwa mtu wa Walikale, mwana wa msitu. Tulimwita Chef, yaani mkubwa. Kabla ya kuja kwetu alikuwa pister, yaani mfuata nyayo, na yeye ndiye aliyenitoa jikoni. Aliona ninavyosikiliza anapoongea na wageni, siku moja akaniambia niache sufuria nimfuate.

Kwake nilijifunza kazi hii inavyofanywa. Gorila hawatafutwi ovyo kama mbuzi aliyepotea. Kila jioni hujenga viota vya majani, wanalala humo, na kesho yake wanaviacha. Asubuhi mapister wanaanzia kwenye viota vya jana, wanavihesabu, wanatazama kinyesi kama bado kina joto, halafu wanafuata majani yaliyovunjika. Familia inayoruhusu watu kukaribia ni ile iliyozoeshwa, maana yake watu wameitembelea kila siku kwa miaka, taratibu, hadi ikaacha kuwaogopa. Mapister wakikosa kupanda siku nyingi, uzi unakatika. Familia inahama, na hakuna anayejua iko wapi. Chef alinifundisha pia kwamba mwenye kikohozi hapandi, hata akiwa waziri, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuua familia nzima ya gorila.

Na mbuga gani inapita nyingine? Kila mgeni aliuliza. Chef alikuwa anawaeleza bila kupamba. Virunga ina volkano, ina tambarare yenye viboko na tembo, na gorila wake wanaonekana vizuri kwa sababu mlima ni wazi. Kahuzi ni mianzi, matope na ukungu, lakini gorila wake ni wakubwa kuliko wote, na siku ukibahatika mmoja anapita karibu mpaka unasikia anatafuna. Baada ya kueleza hayo alikuwa anauliza swali moja tu: "Leo asubuhi, nani amepanda?" Hakuamua safari kabla ya kupata jibu.

Kisha vita ikaja. Sitaeleza vita; kila nyumba ya kwetu ina yake ya kueleza. Nasema tu kwamba wageni walikatika, mahema yakaliwa na panya, na Chef akarudi Walikale kutafuta watoto wake. Hakurejea, na habari zake sikuzipata tena. Malori ya Patron yaliendelea kutembea siku njia ilipofunguka. Nikabaki mimi na ufunguo wa ofisi. Kukitokea utulivu wa majuma machache, mgeni mmoja wawili wanatokea, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine, nikawa muongozaji. Hakuna aliyeniteua. Nilifungua mlango asubuhi, basi.

Katika kipindi kimoja cha utulivu kama huo alifika Papa Mwalimu.

Alitoka Ntoto, kule Walikale, kwa miguu, siku nne, na suti ya kijivu iliyokunjwa ndani ya mfuko. Alikuwa amefundisha jiografia maisha yake yote. Macho yake yalikuwa yanaingia wingu. Muuguzi alimwambia bado kidogo yatafunga. Wanafunzi wake wa zamani walimuuliza anataka kuona nini kabla ya hapo, naye akajibu bila kufikiri: gorila. Miaka yote alichora mbuga hizi ubaoni, na hakuwahi kukanyaga hata moja. Wanafunzi wakapatana na Patron kila kitu.

Patron alipanga aende Virunga, kwa sababu lori lake la chumvi na sabuni lilikuwa linakwenda upande wa Rutshuru kesho yake. Papa Mwalimu alifurahi. Volkano alizifundisha kuliko kitu kingine chochote.

Mimi nikaenda kwenye foni, ile redio ya kuzungumzia iliyokuwa ofisini. Nilianza na upande wa Virunga. Mapister wa sehemu tuliyozoea waliniambia ukweli: walikuwa wameondolewa mlimani kwa usalama wao, hawajapanda tangu majuma mawili, na familia hawajui iko wapi. Nikaita Kahuzi. Chef wa mapister wa kule, mtu mwenye sauti nzito aliyejulikana kwa kutopenda maneno mengi, akajibu: "Tunapandaka kila siku. Jana tumebaona. Beko mu mianzi." Kupita Bweremana njia ya gari kando ya ziwa ilikuwa imefungwa, lakini boti kutoka hapo zilikuwa zinatembea.

Nikamwendea Patron dukani.

"Patron, Virunga hapana. Mapister hawapande. Tutamupeleka muzee Kahuzi, na boti."

Hakuinua kichwa. "Kamio inaenda Rutshuru."

"Kamio itafika. Lakini gorila hatutabaona."

"Ataona mulima. Atafurahi. Ni muzee tu, hataona tofauti."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. "Patron, ule muzee iko na safari moja tu mu macho yake. Siwezi kumupeleka kuangalia majani."

Hapo akainua kichwa. "Mama, sikia. Ukipanda mu kamio kesho, uko mufanyakazi wangu. Ukipanda mu boti, usirudie hapa."

Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na bwana wangu hakuwa na kazi tangu vita ianze. Nilisimama pale huku wateja wakinunua mafuta. Halafu nikaweka ufunguo wa ofisi juu ya meza, karibu na mizani.

Nje, Papa Mwalimu alikuwa amekaa juu ya gunia, ameshavaa suti. Nilimweleza yote, hata la ufunguo. Volkano ilikuwa mbele yake, na nilikuwa ninamnyang'anya.

"Mama," akasema, "kama haya macho ingekuwa ya kwako, ungeenda wapi?"

"Kahuzi, Papa."

"Na tukikosa?"

"Tutakosa tukiwa tumetafuta. Kule kwingine hata kutafuta hatutatafuta."

Akasimama, akajipangusa vumbi. "Njo vile nilifundishaka batoto: uende kwenye kuko habari. Twende."

Bweremana ilikuwa imejaa wachuuzi wa samaki. Tulipanda boti ya mbao yenye mota, tukakaa kati ya magunia ya sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa, na mbuzi watatu. Njiani wanajeshi walituita tufunge boti ufukoni. Walifungua mizigo yote, wakamuuliza Papa Mwalimu anakwenda kufanya nini. "Kusoma," akajibu. Mkubwa wao alitazama ile suti, akatazama zile mvi, akatuacha. Tuliteremka upande wa Katana tukiwa tumelowa, na asubuhi iliyofuata tukafika kwenye kituo cha mbuga.

Chef wa mapister, yule wa kwenye foni, alikuwa mfupi, kifua kama pipa, panga mkononi. Alimtazama mzee, akanitazama mimi. "Atapanda?"

"Ametembea kutoka Ntoto," nikasema. Hakuuliza tena.

Tulipanda ndani ya mianzi kwa muda mrefu, mimi mbele nikimshika Papa mkono, pister mmoja nyuma akimsukuma mgongoni pale penye utelezi. Tulikuta viota vya jana. Papa aliomba aguse kimoja. Alipiga magoti kwenye matope na suti yake, akapapasa majani yaliyokunjwa. Baadaye kidogo chef akainua mkono: wako hapa.

Mimi niliwaona mara moja. Jike na mtoto wake, na wengine wawili juu kidogo, ndani ya kivuli cha majani. Papa Mwalimu alinyoosha shingo.

"Wapi, Mama?"

"Pale, Papa. Chini ya ule muti."

"Sione. Ni giza juu ya giza."

Niligeukia kulia, kushoto, nikimwonyesha kwa mkono. Hakuona kitu. Gorila mweusi ndani ya kivuli, na macho yale yenye wingu: sikuwa nimefikiria jambo hilo. Nilikuwa nimeacha kazi, nimemvusha ziwa, nimempandisha mlima, na sasa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa kitu alichokitaka bila kukiona.

"Tumusogeze," nikamnong'oneza chef.

"Hapana." Alikuwa sahihi. Hatua zilizowekwa kati ya mtu na gorila ni mpaka. Ukiuvuka unawatia hofu, na pumzi yako inawafikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha wageni hivyo.

"Basi tungoje," nikasema.

"Muda ni saa moja tu, Mama."

"Tutangoja hiyo saa yote."

Tukakaa chini. Papa Mwalimu alifumba macho akasikiliza. Nilitazama ukungu nikiuomba uondoke. Mapister wakaanza kukusanya mapanga yao, ishara kwamba saa inakwisha. Ndipo mianzi ikalia upande wa chini, na dume mkubwa mwenye mgongo mweupe akatoka, akakaa katikati ya njia, mahali miti ilipoangushwa na tembo zamani na jua linapofika hadi chini. Alivunja chipukizi la mwanzi, akaanza kulimenya kwa meno na vidole, ganda kwa ganda, bila haraka, kama mama anayemenya hindi bichi.

Mkono wa Papa ulinibana mpaka ukaniumiza.

"Ninamuona," akasema. "Mama, ninamuona. Mugongo ni mweupe. Anamenya." Machozi yakawa yanateremka, naye hakuyafuta, aliogopa kufumba macho. Dume alimaliza kula, akatutazama mara moja, akaingia tena majanini.

Tukiwa tunateremka Papa Mwalimu alisimama ghafla. "Nilifundisha bongo, uongo mutupu," akasema. "Nilikuwa naambiaka batoto kama gorila anakamata batu, anabavunja. Miaka yote. Sikukuwa najua, nilisoma tu mu kitabu." Alikuwa amekasirika kweli, amejikasirikia mwenyewe. "Nitarudia mu darasa. Nitabaambia upya."

Na alirudi kweli. Mwaka uliofuata nilipita Ntoto nikitafuta maharagwe ya kuuza, na nilimkuta mbele ya darasa, macho yamefunga kabisa, akiwaonyesha watoto kwa vidole jinsi chipukizi linavyomenywa. Sikumkatiza. Nilisimama dirishani mpaka somo likaisha.

Lazima niseme ukweli mwingine pia: lile lori la Patron lilifika Rutshuru salama na likarudi salama. Watu wa Sake walinicheka, wakasema nilitupa kazi bure. Niliwaambia kwamba sikukataa kwa sababu ya hatari ya njia. Nilikataa kwa sababu mlimani hakukuwa na mtu aliyejua gorila wako wapi. Wachache walinielewa.

Niliuza maharagwe na samaki kwa muda mrefu. Hali ilipotulia kidogo na wageni wakaanza kuonekana, Patron mwenyewe alikuja sokoni akasimama mbele ya beseni langu.

"Mama, rudia kazi."

"Nitarudia, Patron. Lakini mbuga ni mimi njo nitachagua. Kamio hapana."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Unakuwaka na kichwa nguvu."

"Ndiyo, Patron."

Akaweka ufunguo kando ya samaki. Nilifanya naye kazi mpaka alipofariki, na baada yake na mtoto wake wa kike, mpaka magoti yangu yalipokataa matope.

Vijana wanaoanza kazi hii huja nyumbani kuniuliza ipi wawape wageni, Virunga ao Kahuzi. Wanataka jibu la kushika mara moja. Ninawaambia mbuga zote mbili ninazipenda, na kupenda hakutoshi. Ulizeni nani amepanda, ulizeni njia, halafu mtazameni huyo mgeni mliye naye, mjue anaweza kuona nini. Hilo la mwisho mimi nililisahau kwa Papa Mwalimu, na nusura arudi bila kuona.

Siku yangu ya mwisho kazini kulikuwa na wageni wanne, mizigo tayari, jeep inanguruma. Niliita foni huku, nikaita kule. Pande zote mbili mapister walikuwa chini, hawajapanda. Wageni waliniuliza: sasa Mama, twende mbuga gani?

Nikazima jeep. Niliwaambia juma hili hakuna mbuga, wafungue mizigo yao. Mmoja alikasirika sana. Nikawapikia viazi na maharagwe, tukala pamoja, nikawasindikiza hadi gari la Goma, kisha nikaenda nyumbani.